Kulabu Ni Yangu, Wakurugenzi Ni Wao

Nairobi utasamehewa mengi. Utasamehewa kuchelewa kazini, mradi useme kulinyesha. Utasamehewa kutolipa deni, mradi useme bado ni Njaanuari. Lakini usijaribu kufanya kitu kwa sababu tu unakipenda. Hapo mtaa mzima utakuitishia mkutano.

Mimi ni mtu mdogo, sina makuu. Nauza kava za simu Luthuli Avenue, kwenye vile vibanda vilivyogawanywa kwa vioo hadi ukipiga chafya, pole inatoka kwa maduka matatu. Kutwa nzima nabandika vioo kwenye simu za watu huku mwenye simu amenisimamia kichwani, anahesabu viputo vya hewa. Jioni narudi Pipeline, Embakasi, kwenye bedsita yangu ya gorofa ya nne. Dirisha langu na la jirani yanatazamana kwa ukaribu wa kuombana chumvi bila kuvaa viatu. Jua la Pipeline huwafikia watu wa gorofa za juu. Sisi wengine tunaletewa habari zake.

Katika maisha hayo nimejitengea starehe moja tu. Sinywi, sichezi kamari ya mpira, na kuhusu wanaume tuyaache hayo kwanza. Mimi nafuma kroshia. Kulabu ya milimita 4, donge la uzi, chai ya maziwa yenye tangawizi, basi. Napiga minyororo, nageuza, narudi na mstari, na kwa muda huo hakuna mtu anayeniuliza kama kava ya Samsung inaweza kuingia kwa Tecno ikisukumwa kidogo.

Ungedhani jambo hilo ni langu na kulabu yangu. Thubutu.

Mtu wa Nairobi akikuona na kitu mkononi haulizi unatengeneza nini. Anauliza unauza ngapi. Ukimwambia huuzi, anakutazama kwa huruma, anakaa chini, anaanza kukupangia maisha. "Siz, hiyo ni pesa unakalia." Hapa kwetu kila mtu ana hasla na hasla ya kusaidia ile hasla. Mwalimu wa chekechea anauza mayai. Mwenye bodaboda anauza ploti za Kitengela kwa simu, akiwa amebeba abiria nyuma. Paka wa keateka, yule msimamizi wa gorofa yetu, mwenyewe ameajiriwa, kitengo cha panya. Sasa mimi ndiye nimekaa na kofia isiyo na soko, nikitabasamu peke yangu. Lazima nina tatizo.

Na wale wanaotaka kununua, Mungu nisamehe, ni afadhali wangenipita. Ukitaja bei ya sweta, mtu anashika kifua. "Na si ni uzi tu?" Ndiyo dada, na nyumba ni mawe tu, mbona hujajenga? Halafu anakuambia Gikomba sweta ni shilingi hamsini. Namwelezea polepole kwamba sweta nyingi za mtumba zimefumwa na mashine kiwandani, mtindo wa sindano mbili, na kwamba kroshia halisi hadi leo inazishinda mashine, lazima mkono wa mtu. Ananisikiliza vizuri sana, anatikisa kichwa, anasema, "Sawa, basi nipe kwa mia."

Kuna pia wale wa "nifumie bure nikupost TikTok, nina wafuasi." Siku moja nitaomba niazimwe hao wafuasi niende nao Biashara Street, nione kama watanikatia uzi.

Maana uzi nao una mambo yake. Biashara Street, ambayo wazee wetu waliijua kama Bazaar Street, ndiko kwenye maduka ya vitambaa, vifungo, leso na nguo za watoto wachanga. Kwa sababu uzi unauzwa ubavuni mwa shali za watoto, msichana akiingia akaomba madonge matano, muuzaji anashusha sauti: "Hongera. Ni wa kike ama wa kiume?" Nilijaribu kujitetea mara ya kwanza. Ukikataa unaonekana unaficha. Siku hizi nachukua rangi ya kijani, naye anatikisa kichwa kwa upole, "Aah, hamtaki kujua mapema." Kwa hesabu ya huyo bwana mimi nina watoto wa kujaza matatu na wengine wasimame.

Usisahau kununua wa kutosha palepale. Uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na kwenye karatasi ya donge kuna namba ya fungu imeandikwa kwa herufi za kusumbua macho. Ukiishiwa katikati ya kazi, ukarudi, utapewa rangi ya jina lilelile lakini ya fungu lingine, na muuzaji ataapa kwa mamake kwamba ni kitu kimoja. Dukani chini ya taa, kweli ni kitu kimoja. Ukifika nje juani, mkono mmoja wa sweta ni maziwa na mwingine ni chai.

Kwa hivyo mwezi ukiwa mkavu nakwenda Gikomba kutafuta uzi uliojificha ndani ya sweta. Asubuhi belo likifunguliwa, zile za kamera, yaani safi kabisa, zinanyakuliwa na wenye maduka; mimi nangoja bei ishuke kuelekea fagia, ile ya mabaki. Kisha nageuza sweta ndani nje na kukagua mshono wa ubavuni. Ukiona imekatwa kwa makasi na kushonwa kwa ile mashine ya kuzungusha pindo, iache, kwa sababu ukifumua utapata vipande vya uzi vifupi vifupi, vya kufungia sukuma wiki. Unataka ile ambayo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, pembeni kuna kingo safi. Hiyo ukipata ncha, inajimwaga yote. Muuzaji hapendi upelelezi huo hata kidogo. "Mrembo, unanunua nguo ama unaifanyia mahojiano?"

Nyumbani nikaketi mlangoni kupata mwanga, nikaanza kufumua sweta moja nzuri ya kiume, rangi ya maruni. Jirani wa mlango wa mbele alikuwa anaanika nguo. Akanitazama navuta uzi kwa bidii, mkono umekwisha, naingia kifuani. Akaacha beseni, akaja akanishika bega. "Pole, mami. Mimi za wangu nilichoma." Kabla sijajibu alishaniletea uji. Nikanywa. Uji ulikuwa mtamu, na sikuona sababu ya kumharibia.

Wakati wangu mwingine wa kufuma ni ndani ya matatu, kwa kuwa barabara zetu zinakupa muda wa kumaliza kofia na kuanza nyingine. Tatizo ni taa. Mwaka wa 2004, sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi, zilipoingia na ule mstari wa njano, inasemekana matatu zilitulia. Mimi nilikuwa napakatwa, sikufaidi. Nganya za sasa, zile matatu za mapambo, zimerudisha disko lote. Ndani kuna taa ya zambarau, inageuka bluu, inageuka nyekundu, na muziki unapiga hadi kulabu inatetemeka yenyewe. Nilichokifuma nikidhani ni kahawia kimefika nyumbani ni kijani. Makanga naye akiona chuma mkononi mwangu anatangaza kwa gari zima, "Madam, hiyo silaha weka chini tukipita matuta!"

Hapo ndipo shosho mmoja aliyeketi kando yangu, mtu wa heshima zake, leso kichwani, aliponyoosha mkono bila kuomba ruhusa akaichukua kazi yangu. Wale wazee walisuka kiondo cha mkonge huku wakitembea njiani na mzigo mgongoni, hawababaishwi na matuta. Akavuta upande huu, akavuta ule, akaipima kwa kidole gumba.

"Umekaza sana," akasema. "Nani anakusumbua?"

Nikamwambia hakuna, shosho.

"Uzi hausemi uongo. Legeza." Akafumua mistari mitatu yangu papo hapo, mistari ya kutoka Muthurwa hadi hapo tulipokuwa, akanirudishia, akafunga macho akalala. Abiria wa nyuma akasema, "Hata mimi niliona umekaza." Wewe nani alikuuliza? Ulikuwa unatazama ama unalipa nauli?

Mwisho wa mwezi nina shangazi wa kumtembelea Mlolongo. Matatu yetu hutambaa Mombasa Road chini ya ile barabara ya juu ya kulipia, ya kilomita 27 hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, tukisikiliza magari ya wenye nazo yakipita vichwani mwetu. Mimi sina kinyongo. Wao hawawezi kuonyesha kofia waliyofuma kwa safari hiyo.

Shangazi sasa ndiye mwenye shule ya zamani. Sebuleni kwake kila kitu kimevishwa kitambaa cheupe cha kroshia: migongo ya makochi, mikono ya makochi, meza, redio, chupa ya chai. Runinga ilikuwa na chake hadi waliponunua ile nyembamba, kitambaa kikakosa pa kulalia. Akakihamishia kwenye birika. Ukikaa na ukainuka, kitambaa kimekufuata mgongoni hadi stejini. Nilimpelekea kazi yangu nikitarajia, angalau huko, sifa za fundi kwa fundi. Akainua kijisweta changu dirishani, mwanga ukapita.

"Mashimo haya yote ni ya nini? Uzi uliisha?"

"Ni mtindo, anti."

"Mtindo wa baridi?" Na swali lenyewe lilikuwa na maana, maana ilikuwa Julai, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, baridi ya Julai hapa haina utani. Kisha akakamata mkono wangu wa kulabu akaukagua kidole kwa kidole. "Chanda chema huvikwa pete," akasema, akaniangalia. "Hiki kinavikwa uzi tu." Nikaambiwa nianze kufuma seti ya vitambaa vyangu vya makochi sasa hivi, nisije nikaolewa ghafla nikakuta makochi yako uchi. Kochi lenyewe sina. Nina kitanda, stuli na mtungi wa lita 20 ambao ukifunikwa vizuri mgeni anakalia.

Stima ikipotea, huwa nafuma kwa tochi ya simu nimeishika kwa meno. Siku ya uzi mweusi nalala tu.

Nilidhani keateka angalau hatanifikia. Mzee yule hupanda ngazi kwa sababu mbili, kodi na lawama. Juzi alibisha, nikajua ni lawama. Akaingia, akaangalia madonge, akakohoa.

"Binti, nasikia unafuma kofia."

"Ndiyo, mzee, lakini siuzi."

"Nani amesema kununua? Nataka ya Gor Mahia, timu yangu. Kijani, mstari mweupe. Jumapili ni mechi ya mashemeji." Malipo yake nayo ameshayapanga: siku ya maji, mtungi wangu utakuwa wa kwanza kwenye foleni. Hebu niambie, kwa Pipeline hii, mtu anakataaje? Kwa maji ya bomba hata gauni la harusi ningefuma.

Habari haikumaliza ngazi. Kinyozi wa chini, Ingwe damu, yaani shabiki wa AFC Leopards, mahasimu wa Gor, akaja mbio kuagiza ya bluu na nyeupe, malipo ni kunyolewa bure. Mimi nimesuka. Wakakutana mlangoni pangu, wakaanza. Kinyozi: "Sisi tulianzishwa 1964, nyinyi 1968, mheshimu mkubwa wako!" Keateka: "Umri hauwekwi kabatini, tuhesabu vikombe!" Jirani wa uji akatoka na stuli yake kutazama, akaniuliza kwa ishara kama mmojawapo ndiye yule wa sweta ya maruni.

Nikawaambia wote kofia zitakuwa tayari Jumamosi, ilimradi waniachie mwanga wa mlango. Kinyozi akashuka. Keateka akabaki, akatazama ngazi kushoto na kulia, akainama sikioni kwangu.

"Binti. Ile ya Ingwe, weka mashimo."