Lakhpat na hesabu ya kori laki moja
Kuna makala ambayo mwandishi wake anasema eti Lakhpat, ule mji wa Kutch huko Gujarat, India, ulipata jina kwa sababu bandari yake ilikuwa ikiingiza kori laki moja kwa siku. Hadithi hiyo inapendwa sana, ila pigeni hesabu: ni kori milioni 36.5 kwa mwaka, na kori, sarafu ndogo ya fedha ya Kutch, ilikwenda karibu nne kwa rupia. Zaidi ya rupia milioni 9 kutoka bandari moja ya mdomo wa mto? Simulizi aliyoiruka mwandishi inalihusisha jina na Rao Lakha, mtawala wa Sindh (eneo jirani, sasa ni Pakistan), na mimi naona hiyo ina mashiko zaidi. Utajiri wenyewe ulikuwepo, sikatai: mpunga, na biashara iliyopita kwenye tawi la mto Indus. Watawala wa Sindh wakaanza kuyazuia maji kwa mabwawa katika karne ya 18, mashamba yakakauka. Kisha tetemeko la Juni 16, 1819 likainua tuta refu la ardhi, Allah Bund, likakata tawi lile. Ngome ya mji huo, iliyojengwa 1801 na Jamadar Fateh Muhammad, kamanda wa Kutch, yenye ukuta wa takriban kilomita 7, ipo hadi leo, ila ndani karibu patupu. Wafanyabiashara walitawanyika, Tharia Topan, yule tajiri wa Zanzibar, asili yake ni hapo. Wenye asili ya Kutch mlioko Zanzibar na Mombasa, wazee wenu husimulia ipi, ya laki au ya Lakha?