Nimerudi kanisani jamani, ila nina malalamiko

Yaani hakuna aliyeniambia kwamba ukirudi kwa Yesu kitu cha kwanza utakachodaiwa ni ushuhuda. Hata kiti hakijapata joto, kipaza sauti hiki hapa, tuambie Bwana amekutoa wapi. Na aliyetangulia alikua jambazi, kapigwa risasi, kaona mwanga, katupa bastola mtoni, kanisa zima linalia, halafu ndo naitwa mimi. Mimi Bwana amenitoa kitandani. Uasi wangu wote ulikua kulala jumapili mpaka saa sita mchana na kubishana na watu kuhusu dinosaria. Pombe nilijaribu tumbo likagoma, sigara nikakohoa mpaka waasi wenzangu wakaona aibu kutembea na mimi. Hata dhambi nilifeli aisee. Nikasimama pale nikasema "nilikua na kiburi", nikamuona kabisa mama mmoja wa mbele anarudisha leso kwenye mkoba.

Ila kiburi nilikua nacho, tusidanganyane. Nilisoma nusu ya kitabu kimoja cha falsafa, ile nusu ya mwanzo iliyo rahisi, nikaenda kutangaza nyumbani kwamba Mungu hayupo. Mama akasikiliza mpaka mwisho akasema sawa, hayupo, vyombo umeosha?

Huyo mama naye sasa! Tangu nirudi anatembea kama kocha aliyebeba kombe, kila anayepiga simu anaambiwa "tulifunga sana kwa ajili yake", na siku hizi anajiita Monika. Nikaenda kumsoma huyo Monika, kumbe ni mama yake Mtakatifu Augustino wa kule Afrika Kaskazini, alimlilia mwanae miaka na miaka mpaka askofu mmoja akachoka akamwambia nenda zako mama, haiwezekani mwana wa machozi hayo akapotea. Nikafurahi kidogo, nikasema basi niko kundi zuri. Halafu nikasoma habari za Augustino mwenyewe, kijana kaiba matunda ya watu usiku na njaa hana, mengine kawatupia nguruwe, kazaa nje ya ndoa, kaingia dini nyingine ya Wamanikeo huko kakaa kama miaka 9, na sala yake eti Mungu nipe usafi ila sio sasa hivi, mpaka anabatizwa Milano mwaka 387 ana miaka 32. Na huyo naye kanizidi ushuhuda.

Kingine. Kila mtu anahubiri Luka 15, baba kakimbia kumpokea mwanae mpotevu, pete, vazi, viatu, ndama aliyenona. Mbona hakuna anayehubiri jumatatu yake? Yule kaka mkubwa aliyenuna nje akagoma kuingia kwenye sherehe, Luka hasemi kama mwisho aliingia, basi mi nawaambia aliingia, sasa hivi ni mzee wa kanisa na anasimama mlangoni. Anakushika mkono haachii, "ulipotea sana ndugu yetu", ndio mzee, "na safari hii umekuja kukaa?", ndio mzee, jumapili inayofuata swali ni hilohilo na mkono ni uleule.

Halafu mhubiri, katika vitabu 66, anaamua tufungue Habakuki! Sura 3 tu, kamejibanza katikati ya Nahumu na Sefania, na kurasa zenyewe nyembamba zimeshikana, unapuliza, unalamba kidole, unafunua unatua Mathayo, unarudi unamkuta Yona. Bibi wa pembeni yangu kashafika zamani, kaweka na kidole kwenye mstari, akaniangalia weee, akaninyang'anya Biblia akafungua akanirudishia bila neno. Nikaja na simu basi, ikapiga kelele ya goli katikati ya maombi. Na maombi yenyewe nikapewa niongoze, eti ndugu yetu aliyerudi atuombee, nikaenda vizuri tu mpaka mwishoni, badala ya amina nikasema "asanteni kwa kunisikiliza".

Hayo yote nayabeba. Nisichoweza kubeba ni bwana mmoja alinikopa hela enzi zetu za uasi akapotea mazima, namba haipatikani, nimekuja kumkuta wapi? Kwaya. Anaimba besi, macho kafumba, mikono juu. Nikamvizia baada ya ibada, akanikumbatia kwa nguvu, "ndugu yangu, ya kale yamepita!" Yamepita na hela yangu? Nikaenda kwa mchungaji, akanipa Mathayo 18, samehe saba mara sabini, nikapiga hesabu hapohapo ni 490, nikamuuliza je deni moja lisilolipwa linahesabika mara moja au kila siku ninapolikumbuka, akasema tuliombee. Tumeliombea. Juzi nikaona wacha nitumie Neno, nikamwandikia meseji ya upole kabisa, bila kudai chochote, nikaweka tu Luka 19:8 pale Zakayo anaposema kama amemdhulumu mtu atamrudishia mara nne.

Kajibu baada ya muda mrefu. "Amina mtumishi, nimebarikiwa sana, endelea kunitumia."