Dakika sita za mtunzi mchanga

Mwezi uliopita, katika usharika mmoja wa Kilutheri wa mlimani juu ya Moshi, kijana aliyemaliza masomo ya muziki alikiomba kikundi cha tarumbeta kimpigie kipande alichokitunga: dakika sita, wapigaji watano, bila maneno. Mwalimu wa kikundi alimjibu kwa upole, lakini jibu lilikuwa hapana. Wiki ile kulikuwa na misiba miwili na arusi moja, wapigaji wawili walikuwa bado hawajazishika nyimbo za kitabuni, na kipande chenyewe kilikuwa na kurasa nne kwa kila mtu. Mzee wa kanisa aliyekaa pembeni akaongeza neno ambalo nimelisikia mara nyingi Moshi na Arusha: "Mwanangu, huo ni muziki wa kusomea. Siku hizi kuna mtandao, si utume huko Ulaya wanakoupenda?"

Neno lile limenikaa. Nimepiga tarumbeta miaka kumi na miwili, sauti ya pili, na zaidi ya mara moja nimekuwa upande wa wanaosema hapana. Leo naona tulikosea, ingawa si kwa sababu ambazo vijana wenyewe huzitoa.

Nianze na mwalimu, maana anayemwona kuwa mkaidi hajawahi kulea kikundi cha tarumbeta. Wapigaji wake hawalipwi. Mmoja anaendesha bodaboda, mwingine ana ng'ombe wa kukamua asubuhi na jioni, wa tatu yuko kidato cha tatu na mama yake anamtaka nyumbani kabla ya giza. Vyombo vingi ni vya zamani, vingine vililetwa na sharika rafiki za Ujerumani, na vali ikinasa, fundi wa kuifungua hapatikani kila mtaa. Mazoezi ni Jumamosi mchana, saa mbili kama watu wamewahi. Humo kuna nyimbo za Jumapili, na mara nyingi simu inaita katikati ya mazoezi: fulani ametutoka, mazishi ni Jumanne. Hakuna mwalimu anayeweza kuiambia familia iliyofiwa kwamba kikundi kilikuwa kinajifunza kazi ya mtunzi mpya.

Tena kuna ibada yenyewe. Watu wamekuja kusali, si kufanyiwa majaribio. Kwa ndugu zetu Wakatoliki jambo hili lina utaratibu wake: wimbo mpya hupitiwa na kupata idhini kabla ya kuimbwa kwenye misa. Nauheshimu utaratibu huo, na nimesikia nyimbo ambazo zingefaidika nao.

Lakini ukiichuja hoja hiyo, utaona kwamba idhini hiyo ni ya nyimbo za kuimbwa kwenye misa, na kipande cha kijana hakiimbwi wala hakina maneno. Kinachobaki ni muda. Nitaurudia, kwa sababu muda ndio mzizi wa jambo hili. Kabla ya hapo kuna lile la "muziki wa kusomea".

Muziki tunaouzungumzia ni wa kikundi kidogo: watu watatu, wanne au watano, kila mmoja na sauti yake ambayo hakuna mwingine anayeipiga, na hakuna anayesimama mbele kuwaongoza kwa mikono. Wanatazamana, wanasikilizana, wanavuta pumzi pamoja. Ulaya uliota sebuleni na kwenye kumbi. Sasa wale wapigaji wanaosimama nje ya kanisa alfajiri ya Pasaka, ukungu bado umelala kwenye migomba, wakaanza kupiga kabla jua halijachomoza, wanafanya nini kama si hicho hicho? Hata mtoto wa mlimani anayejua kutofautisha besi na sauti ya tatu ameshaujua muziki huu.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanzia Machame. Desturi ya kikundi cha vyombo vya kupuliza cha kanisa, ambacho Wajerumani hukiita Posaunenchor, ikashika mizizi katika sharika zetu hadi leo hakuna anayeiona kuwa ya kigeni. Ila kuna kipande kimoja cha desturi ya kupuliza ambacho hakikupanda mlima. Katika mji huohuo wa Leipzig, karne mbili kabla ya wamisionari wale, wapulizaji wa mji walikuwa wakipiga kutoka juu ya mnara wa jengo la baraza la mji. Mmoja wao, Gottfried Reiche, ambaye baadaye ndiye aliyempigia mtunzi mashuhuri Johann Sebastian Bach sehemu ngumu za tarumbeta, alichapisha mwaka 1696 vipande 24 vifupi vya watu wanne: pembe ya mbao yenye matundu ya vidole na tromboni tatu, zile zenye mrija wa kuvuta na kusukuma. Alikuwa mpigaji akiwaandikia wapigaji wenzake, watu ambao pumzi zao alizijua.

Sisi tumepokea vyombo, tumepokea nyimbo, tumepokea hata namna ya kusimama. Kikundi kuwa na mtunzi wake tumekuacha kwenye kwaya. Huko nyimbo za kujitungia zimejaa, na mwalimu wa kwaya asiyetunga anaonekana hajakamilika. Vikundi vya tarumbeta ninavyovijua, vya Moshi na vya Arusha, vinapiga vilevile vilivyopigwa na baba zao. Navipenda vipande hivyo na ningetaka nizikwe navyo. Lakini kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha, karibu na Usa River, kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinachotoa shahada ya muziki, na vijana wanaojua kuandika nota wanarudi kwenye sharika hizi hizi. Wanakuta tarumbeta, wanakuta wasomaji wa nota, wanakuta waumini. Wakiomba kusikia walichoandika, tunawaelekeza Ulaya.

Kwa nini ni lazima wasikie? Nieleze nilichokiona mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita kikundi chetu kilikubali, mara moja. Binti mmoja alileta kipande cha dakika tatu, tarumbeta mbili na tromboni mbili. Alikiandika kwa MuseScore, programu ya bure, na kwenye kompyuta kilikuwa kitamu. Tukaanza. Kipimo cha kwanza tu, yaani zile nota chache za mwanzo kabla ya mstari wa kwanza wa kugawa, tukasimama. Tarumbeta zilikuwa zimepanda, tromboni zimebaki mahali pake, na katikati sauti zikawa zinagombana.

Kosa lilikuwa hili. Tarumbeta zetu ni za B flati: ukiona nota ya C ya kawaida ukaipuliza bila kubonyeza vali, inayotoka ni B flati. Kwa hiyo programu humwandikia mpiga tarumbeta nota zake sauti nzima juu zaidi, yaani hatua moja kamili ya ngazi ya nota, ili zikipulizwa zitue panapotakiwa. Lakini Posaunenchor za Ujerumani huandika nota kama zinavyosikika, na mpigaji ndiye anayejifunza vidole vya kuzifuata. Sisi tulifundishwa hivyo. Tukasoma karatasi ya binti kwa mtindo wetu, na tarumbeta zote mbili zikatoka juu kwa sauti nzima. Yule binti alikuwa na shahada, na nota zake zilikuwa sahihi kitabuni. Hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpigia.

Kosa la pili lilichelewa kuonekana. Sauti ya kwanza alikuwa ameipa vipimo 22 mfululizo, vyote vya juu, bila kituo. Kompyuta haina midomo. Mpigaji wetu wa kwanza ana nguvu kwelikweli, lakini alipofika kipimo cha 17 sauti ikaanza kupasuka, na cha 19 akashusha chombo, akapangusa mdomo kwa leso bila kusema kitu. Binti alimtazama, akaandika neno moja pembeni ya karatasi: "apumzike". Jumamosi iliyofuata sehemu ile ilikuja imegawanywa. Mimi wa sauti ya pili nilipewa vipimo vinane, na kipande kikawa kizuri kuliko mwanzo, maana sasa tarumbeta mbili zilikuwa zinaitikiana kama watu wanaoitana ng'ambo na ng'ambo ya korongo.

Jumamosi ya kwanza alitumia nusu saa yetu, ya pili robo saa. Jumla dakika 45. Hesabu hii ndiyo nimekuwa nikiipiga tangu nilisikie lile jibu la mwezi uliopita. Tuseme katika Jumamosi zote za mwaka, ukitoa za misiba, arusi na mvua, kikundi kinabaki na 30 za mazoezi ya kweli, saa mbili kila moja. Hizo ni saa 60. Dakika 45 ni sehemu moja ya themanini. Kwa sehemu hiyo moja, mtu mmoja aliyesomea kuandika nota alipata mambo mawili ambayo angeweza kubeba bila kuyajua miaka mingi, na kila kikundi kitakachopokea kazi yake baada ya hapo hakitayakuta makosa hayo. Nasi tulibaki na kipande. Bado tunakipiga. Mwalimu anayesema hana muda anasema kweli kuhusu dakika sita na kurasa nne. Kuhusu dakika 45 kwa mwaka, namwomba ahesabu tena.

Sasa hili la kutuma Ulaya. Njia ipo, na kuna waliopita. Mganda Justinian Tamusuza, jirani yetu kabisa, aliandika kwa ajili ya vyombo vinne vya nyuzi, fidla mbili, viola na chelo, na kazi yake ikaingia kwenye albamu ya mwaka 1992 ya Kronos Quartet, kundi la Marekani linalojulikana dunia nzima. Simkatazi kijana wa Moshi kuota hilo. Lakini soma masharti ya mialiko ambayo vikundi vya huko huwatolea watunzi walete kazi zao. Mingi ina ada ya kushiriki, ya dola, na hairudishwi. Mingi ina kikomo cha umri. Na mingi inataka uambatanishe rekodi ya kazi yako ya awali, iliyopigwa na watu, si na kompyuta. Hapo ndipo mlango unapofungwa: ili kazi yako ipigwe, uwe na kazi iliyokwisha kupigwa. Kisha vyombo vinavyoitwa ni fidla, viola na chelo, au fluti, klarineti, fidla, chelo na piano. Kijana anamwandikia mpiga viola wakati hajawahi kusimama karibu na viola, huku tromboni nne zimelala kwenye kabati la kanisa mita mia mbili kutoka kwao. Na hata fedha za nyumbani hazimwelekei. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo, na mkopo hurudishwa na kazi inayouza. Kipande cha watu watano hakina tiketi.

Kwa hiyo kikundi cha usharika kikimpigia kijana, simu ikawekwa kwenye benchi kurekodi, hapo ndipo njia ya kwenda nje inapoanzia. Mzee aliyemwambia atume Ulaya alikuwa ameshikilia ufunguo bila kujua.

Na nafasi zipo bila kuigusa ibada kwa namna inayoudhi. Sadaka zetu ni ndefu, watu wanapita mbele safu kwa safu, wakati mwingine mara mbili au tatu, na muda huo mara nyingi tunarudia ubeti uleule hadi safu ya mwisho ikae. Baada ya baraka watu wanatoka nje, ndizi na kuku wanapangwa kwa ajili ya mnada, kikundi kimesimama na vyombo mkononi. Dakika tatu mpya pale hazimkwazi mtu. Tena kuna Desemba, watoto wa mlimani wanaporudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na kikundi cha watu watano kinakuwa cha kumi na wawili kwa wiki mbili, wakiwemo waliofundishwa vizuri. Sijui wakati bora zaidi wa kusikia kazi ya watu watano bila kumnyima mtu zamu yake.

Vijana nao wana sehemu yao, na hapa simtetei yeyote. Dakika sita ni nyingi kwa ombi la kwanza. Kurasa nne ni kutomfikiria mpigaji: mikono yote imeshika chombo, atageuza ukurasa na nini? Anayetaka kupigiwa aje mazoezini miezi mitatu kabla ya kuomba, abebe viti, ajue nani ana jino linalouma na nani huchelewa kwa sababu ya ng'ombe. Aandike kwa ajili ya watu hao.

Nilimwambia kijana yule hivyo, kwa maneno makali kidogo kuliko haya. Amekikata kipande. Sasa ni dakika tatu na nusu, ukurasa mmoja kwa kila mpigaji, nota zote zimeandikwa kama zinavyosikika. Jumamosi iliyopita alikuja mapema, akamwamkia mwalimu, akampa karatasi. Mwalimu alizipokea na kuzitazama muda mrefu akiwa amesimama. Hakusema ndiyo. Aliuliza tu tromboni ya pili inapumua wapi.