Miaka kumi na mtoto yuleyule: Dar iajiri washauri wa watoto?

Mtoto wa darasa la kwanza anayelelewa na bibi yake Tandale, mama amefariki na baba hajulikani aliko, leo anaweza kuandikwa kwenye orodha ya mtaa, akapewa sare na madaftari, akatembelewa na mhudumu wa kujitolea kwa muda, kisha mradi ukaisha. Akifika darasa la nne anaandikwa upya na mradi mwingine, na mtu mwingine anayemuuliza maswali yaleyale. Wapo wanaosema utaratibu huu umeshindwa, na kwamba mtoto wa namna hii anahitaji mshauri, yaani mtu mzima mmoja aliyeajiriwa kwa kazi hiyo na kulipwa mshahara, atakayekuwa naye mpaka amalize kidato cha nne. Wapo wanaosema hiyo ni anasa ya nchi tajiri. Nimewasikiliza wote, na naona kila upande una jambo ambalo mwenzake hapendi kulisikia.

Mfano unaotajwa zaidi umetoka Marekani. Mwaka 1993, huko Portland, Oregon, mfanyabiashara Duncan Campbell, ambaye mwenyewe alikulia katika nyumba ya ulevi na umaskini, alianzisha shirika la Friends of the Children. Kabla yake kulikuwa na programu nyingi za washauri wa watoto, kubwa kuliko zote Big Brothers Big Sisters iliyoanza 1904, lakini zilitegemea watu wa kujitolea. Campbell aliajiri. Mshauri mmoja ana watoto wapatao wanane, kila mtoto anapata saa zake kila wiki, shuleni, nyumbani na mtaani. Mtoto anachukuliwa akiwa na miaka minne hadi sita, na ahadi ni kukaa naye miaka 12 au zaidi hata mambo yakiharibika.

Wanaoupenda mpango huu hutaja idadi ya vijana wake waliomaliza sekondari bila kuingia matatani. Takwimu za aina hiyo hutolewa na shirika lenyewe, kwa hiyo nazipa uzito mdogo. Naupa uzito zaidi utafiti uliochukua watoto 278 katika miji minne ya Marekani na kuwagawa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa mshauri wa kulipwa, wengine familia zao zikaelekezwa tu kwenye huduma nyingine zilizopo. Matokeo ya miaka mitano ya kwanza yalichapishwa mwaka 2017. Wazazi na walezi wa watoto waliopata mshauri walisema watoto wao wana mwenendo mzuri zaidi shuleni na hawaingii sana kwenye matatizo. Ila tofauti hiyo haikuwa kubwa. Ililingana na ile inayoonekana kwenye programu nyingine za ushauri wa watoto. Anayepinga ana haki ya kuuliza: kama mtu wa mshahara kwa miaka mitano ameleta badiliko la kiasi hicho, gharama yote hiyo ya nini? Watetezi hujibu kwamba miaka mitano haijafika hata nusu ya ahadi. Ni kweli, lakini hilo ni tumaini, bado halijawa ushahidi.

Ushahidi ulio imara zaidi unahusu hatari ya kukatisha. Mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walionyesha, kwa kuwafuatilia vijana wa Big Brothers Big Sisters, kwamba walionufaika zaidi ni wale waliodumu na mshauri mmoja mwaka mzima au zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini na katika kujiamini kimasomo. Yaani mtoto aliyeshaachwa na baba, kisha akaachwa na mjomba, akiachwa tena na mtu aliyekuja kwa jina la msaada, anaumia kuliko angeachwa alivyokuwa.

Kuna habari nyingine ya zamani ambayo kila anayeipigia debe hoja hii anapaswa kuijua. Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville jimboni Massachusetts, wavulana 506 waliwekwa jozijozi kwa kufanana, na katika kila jozi mmoja akapewa mshauri. Mshauri alimtembelea nyumbani, alimsaidia masomo, alimtafutia matibabu, na baadhi walipelekwa kambi za likizo. Kwa wastani ilikuwa miaka mitano na zaidi. Mtafiti Joan McCord alipowatafuta wakiwa watu wazima na kuchapisha matokeo mwaka 1978, waliosaidiwa walionekana kuwa na hali mbaya kuliko wenzao: walirudia uhalifu zaidi, walikuwa na ulevi zaidi. Na wengi wao walikuwa wanawakumbuka washauri wao kwa mema. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba madhara yalikuwa zaidi kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja, ambako wavulana wenye matatizo walikaa pamoja na kufundishana. Hilo lituguse, kwa sababu hapa kwetu mradi wa watoto bila bonanza, fulana na kongamano la siku tatu hauhesabiki kuwa mradi.

Lakini mtoto wa Dar ana shida yake ambayo tafiti hizo hazikuigusa. Jiji hili lilikuwa na watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, na sehemu kubwa yao wamepanga. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mama lishe wa Manzese akishindwa kuifikisha mwezi Juni, Julai vyombo vimepakiwa kwenye kirikuu na familia iko Chanika au Chamazi. Mtoto anahamia shule nyingine, au anaacha kabisa kwa muda, kwa sababu shule ya zamani iko mbali na hata nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200, ukihesabu magari mawili kwenda na mawili kurudi, ni fedha kwa nyumba hiyo. Kumbukumbu zake zinabaki ofisi ya mtaa alikotoka.

Mhudumu mmoja wa kujitolea wa Vingunguti alinionyesha kaunta buku lake. Kushoto majina ya watoto, kulia safu za tarehe alizowatembelea. Mbele ya majina kadhaa tarehe zinakatika ghafla, na ameandika kwa kalamu nyekundu: AMEHAMA. Hana mamlaka nje ya mtaa wake wala nauli ya kuvuka wilaya. Ni mama mwenye umri, anauza mkaa barazani kwake, na posho aliyokuwa akipewa na mradi ilitosha vocha na daladala basi. Mradi ulishafungwa, yeye bado anagongewa usiku. Alisema wanaomtesa zaidi moyoni ni hao wa kalamu nyekundu, maana wengi wao walihama kwa sababu nyumba ilikuwa kwenye shida, na ndio wakati alipotakiwa kuwepo.

Hapo ndipo ninapoiunga mkono ajira. Mpango wetu umemfunga mhudumu kwenye kata, wakati mtoto anafuata kodi. Mtu pekee anayeweza kumfuata mtoto kutoka Vingunguti hadi Chanika ni yule ambaye kazi yake ni mtoto mwenyewe, na huyo hawezi kuwa mtu wa kujitolea anayetafuta riziki mahali pengine.

Na kujitolea kwenyewe kumekuwa kwa jina tu. Kwa miaka mingi kazi hii imebebwa na wanawake wa mitaa kwa posho za miradi ya wafadhili. Mradi wa Kizazi Kipya, uliofanyika kati ya 2016 na 2021 kwa fedha za Marekani, uliwategemea watu kama huyu mama. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na baadaye mwaka huohuo kulifunga shirika lake la misaada, USAID, kila mtu aliona jinsi huduma kwa watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi ilivyokuwa imening'inia kwenye uamuzi wa ofisi iliyo ng'ambo. Serikali imeshakiri upande wa afya kwamba kazi ya jamii inastahili malipo: Januari 2024 ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 wenye posho inayotambulika. Sioni kwa nini ustawi wa mtoto usifikiriwe kwa mizani hiyohiyo.

Upande wa pili, hoja inayonisumbua zaidi ni ya ukoo, kuliko hata ya fedha. Mtoto ana shangazi, ana baba mdogo, ana ustadhi wa madrasa au mwalimu wa Sunday school, ana jirani anayemwekea ubwabwa. Mtu wa mshahara akiingia na begi na simu ya ofisi, hawa wote wanaweza kurudi nyuma wakijisemea kwamba mtoto ana watu wake sasa. Nimemsikia bibi akimjibu mjukuu aliyetaka viatu, "Kawaambie wafadhili wako." Bibi yule hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amechoka, na alikuwa ameambiwa kwa vitendo kwamba jukumu limehamia kwa wengine. Tena chumba kimoja kina watoto wanne, anachaguliwa mmoja. Ndugu zake watamwangaliaje usiku wakilala kitanda kimoja?

Wanaojibu kwamba ukoo umekufa mjini wanajibu kwa haraka mno. Ukoo upo, ila uko Mtwara, uko Kigoma, na ulio hapa Dar umelemewa. Kazi ya mshauri mzuri ni kuutafuta: kumpigia mjomba simu, kumkumbusha mtihani wa mtoto, kumshawishi aje siku ya wazazi. Kama nitaulizwa apimwe kwa kipimo gani, nitasema ahesabiwe watu wazima wangapi wanaojua jina la mwalimu wa mtoto huyo, mwaka wa kwanza na mwaka wa tano. Wakipungua, mshauri ameharibu hata kama alama za mtoto zimepanda.

Hoja kwamba upendo haulipwi siipi nafasi. Mwalimu analipwa, muuguzi analipwa, na watoto wanamjua vizuri anayewapenda.

Usalama unahitaji maneno zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na mara nyingi na mtu wanayemfahamu. Kumpa mtu mzima ruhusa ya kuwa karibu na mtoto kwa miaka mingi ni jambo zito. Mkataba wa ajira unasaidia: mwajiriwa anachunguzwa, anasimamiwa, anafukuzwa, anashtakiwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Lakini cheo nacho humfungulia mtu mbaya milango ambayo mtu wa kujitolea asingefunguliwa. Kwa hiyo wakutane mahali pa wazi, mlezi ajue kila wanapokwenda, na mtoto afundishwe namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto kabla hajafundishwa kitu kingine chochote.

Sasa fedha. Kima cha chini cha mshahara serikalini kimekuwa shilingi 500,000 tangu Julai 2025. Mshauri mmoja kwa kiwango hicho ni shilingi milioni 6 kwa mwaka. Akiwa na watoto wanane, ni 750,000 kwa kila mtoto kwa mwaka, na milioni 7.5 kwa miaka kumi, kabla ya nauli, usimamizi na michango ya hifadhi ya jamii. Nimeweka miaka kumi kwa sababu sera mpya ya elimu imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka hiyo, sita ya msingi na minne ya sekondari. Watoto 800 watahitaji washauri 100, shilingi milioni 600 kwa mwaka. Kwa familia moja ni fedha nyingi mno. Kwa halmashauri tano za Dar zikichangia pamoja, inawezekana. Halmashauri hizo tayari hutenga kisheria asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo kufunga fungu la fedha kwa kundi maalumu si jambo geni kwao.

Anayepinga atasema watoto 800 ni wachache mno katika jiji hili. Ni wachache, na hapo sina jibu la kumridhisha. Ninachokataa ni lile suluhisho ambalo miradi imelizoea, la kugawanya fedha hizohizo kwa watoto elfu nane kwa mwaka mmoja ili ripoti ipendeze. Tumeshaona madhara ya kukatisha.

Kwa hiyo naunga mkono kwa masharti. Washauri waajiriwe na halmashauri, chini ya afisa ustawi wa jamii, na Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikubaliane kwa maandishi kwamba mtoto akihama wilaya anabaki na mshauri wake. Waajiriwe kwanza wale wenye kaunta buku, wasiachwe kwa kukosa cheti wakati ndio wanaojua milango. Kwa kuwa hata mwajiriwa hufa, huolewa mkoani au hupata kazi bora, kila mtoto ajuane na washauri wawili tangu mwanzo, na makabidhiano yachukue miezi, yasiwe barua. Ndugu wa chumba kimoja wachukuliwe pamoja. Makambi yasiwepo. Fedha za washauri zisikatwe kutoka kwenye sare na matibabu ya watoto ambao hawakuchaguliwa. Na halmashauri ambayo haiwezi kuonyesha fungu la kumfikisha mtoto kidato cha nne isimwandikishe, iendelee kumhudumia kama ilivyo sasa mpaka ipate.