Viwavi wa mlimau wa mama

Mama yangu ana mlimau mmoja nyuma ya jiko, Kilifi, na ugomvi wake na viwavi wa mlimau huo ni wa zamani kuliko ndoa yangu. Huwabandua kwa kijiti, mmoja mmoja, akawatupia kuku. Kwa hiyo nilipomwambia kuwa Jumamosi tunampeleka mjukuu wake Gede kuona nyumba ya vipepeo, na kwamba kuna kiingilio, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Tulipe tuone wadudu?"

Tulikwenda. Matatu ya Malindi ilitushusha njiapanda, pale barabara ya Watamu inapochepuka, tukapanda tuktuk mpaka lango la magofu. Magofu yenyewe sitayasimulia. Waliosoma shule za pwani wengi wamepelekwa pale na sare na chupa ya maji, wakaonyeshwa msikiti mkuu na visima na makaburi, wakarudi nyumbani wakikumbuka zaidi wale kima waliowanyang'anya ndizi. Tangu 2024 mji huo wa kale umo katika orodha ya Unesco ya urithi wa dunia, na hongera zake. Mimi nilifuata kibanda cha wavu kilicho karibu na lango, ambacho watu hukipita wakikimbilia mawe.

Ni kidogo. Nasema mapema nisije nikalaumiwa. Mwenye haraka atakimaliza kwa dakika kumi, atoke akisema ameona vipepeo, na hatakuwa amesema uongo. Sisi tulikaa saa nzima na zaidi, kwa sababu mama hapendi kulipia kitu akakiacha kabla hajakimaliza.

Ndani kuna joto la mimea iliyomwagiliwa na harufu ya ndizi zilizoiva mpaka zikapitiliza. Ndizi hizo ni chakula. Wako vipepeo ambao maua hawana haja nayo kabisa; wao hutaka tunda lililoanza kuchacha, na huko msituni hata kinyesi hawakikatai. Mmoja wa namna hiyo alikuwa ametua kwenye kipande cha papai, mbawa amezikunja, ukimtazama kwa ubavu ni jani kavu tupu. Kijana aliyekuwa akituongoza akamwambia mtoto kwamba kipepeo huonja kwa miguu: akikanyaga tu, ameshajua kama panalika. Mtoto akatazama ndala zake, akatazama papai. Nikamshika mkono.

Halafu kijana akatuonyesha kipepeo mweupe wa kukaribia manjano, mwenye mikia miwili nyuma ya mbawa. Wataalamu humwita Papilio dardanus. Huyo ni dume. Majike wake hawafanani naye hata kidogo, wala hawafanani wao kwa wao: huyu mweusi mwenye madoa meupe, yule rangi ya chungwa. Kila mmoja ameiga sura ya kipepeo mwingine ambaye ni mchungu, na ndege waliokwisha kuonja uchungu huo humpita. "Kwa hiyo mke amevaa nguo za jirani," mama akasema, "na mumewe anamjuaje?" Kijana akacheka, akajibu kwamba mwenye wake anamjua.

Kwenye kona kulikuwa na miche ya mlimau, imefunikwa kwa wavu. Mama akainama, akavaa miwani. Juu ya majani walikuwa viwavi wa aina mbili, au ndivyo ungedhani: wadogo, wa kahawia wenye baka jeupe, kama mavi ya ndege, na wakubwa, kijani kibichi, wanene kama kidole cha mtoto. Ni kiwavi yuleyule, katika umri tofauti. Kijana alipomgusa mmoja mkubwa kwa unyasi, akachomoza nyuma ya kichwa pembe mbili nyekundu laini, na harufu ya limau lililooza ikatufikia hapo hapo.

"Hawa nawajua," mama akasema. "Hawa ndio wanaonimalizia mlimau."

Kijana akamweleza, kwa heshima yake yote, kwamba wako wakulima wanaofuga wa aina hii hii na kuwauza wakishakuwa pupa, yaani wakishajifunga ndani ya ganda kungoja kugeuka vipepeo. Mama akajiinua taratibu, mkono kiunoni. "Kuku wangu wamekula pesa ngapi?"

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Mradi wa Kipepeo, wenye kibanda hiki, ulianza 1993, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ukianzishwa na mwanabiolojia Ian Gordon, na sababu yake haikuwa kuwafurahisha wageni. Ng'ambo ya barabara kuna Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu wa pwani wa Afrika Mashariki. Humo yuko sange mwenye matako ya dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, na bundi mdogo aliyepewa jina la Sokoke. Lakini kwa mwanakijiji wa ukingoni, msitu ulimletea nini? Ndovu waliomalizia mahindi, na askari waliomkamata akienda kukata mti. Miaka ile wengi walitaka ukatwe tu, watu wapate mashamba, na mimi siwezi kuwalaumu nikiwa nimekaa Mombasa nanunua unga dukani.

Biashara yenyewe inakwenda hivi. Mfugaji hunasa majike wachache msituni, akawaweka ndani ya wavu pamoja na mche ambao kiwavi wa aina hiyo hula, maana kila mmoja ana majani yake na mengi ya mengine hatayagusa hata kwa njaa. Mayai yakianguliwa, kazi ni kulisha na kulinda. Huko nje siafu, nyigu na ndege hula viwavi karibu wote. Ndani ya wavu wanaopona ni wengi. Kiwavi akijigeuza pupa, saa imeanza kuhesabu. Siku chache baadaye kipepeo atatoka, awe yuko Gede, yuko ndani ya ndege, au amefika Uingereza au Marekani kwenye jumba la vioo lililopashwa joto ambako watu watalipa kumtazama. Kwa hiyo pupa hukusanywa, huchaguliwa, hufungwa kwa pamba na kusafirishwa upesi. Mfugaji anayetegemea majani ya msitu na majike wa msitu ana sababu ya kuuliza nani anakata miti. Hahitaji kuhubiriwa.

Nililinganisha na safari nyingine. Nimewahi kuingia kwenye bustani ya wanyama ya kando ya barabara, mahali nisipopataja. Palikuwa na mamba ndani ya birika la saruji ambalo hata kugeuka lilimbana, na tumbili aliyefungwa kamba kiunoni, manyoya yameota juu ya kamba. Mamba alilala. Mlinzi akamchokoa kwa ufito ili atikisike, tusije tukadai pesa zetu. Tangu siku hiyo nikiingia mahali pa namna hiyo huwa na swali moja: huyu aliyefungiwa humu anamfaa nini mwenzake aliye nje? Yule mamba hakumfaa yeyote. Kipepeo wa Gede ana jibu, na jibu lake ni miti iliyosimama.

Na si wazuri tu wanaoweza kujibu. Watamu, mwendo mfupi kutoka Gede, kuna shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa na James Ashe na mkewe Sanda mwaka 1980. Tulipitia mchana. Mama alibaki nje na soda. Kuna chatu, fira, hongo wa kijani aliyejizungusha kwenye tawi, na kifutu mnene aliyelala mchangani usimwone mpaka uonyeshwe. Ila kazi ninayoithamini inafanyika nje ya vioo: nyoka akiingia nyumbani kwa mtu jirani, unapiga simu, wanakuja kumchukua badala ya kijiji kizima kutoka na mapanga, na wanahangaikia dawa ya wanaogongwa. Kifutu yule kwenye kisanduku anawafundisha watu wasimkanyage ndugu yake gizani.

Ninalolilaumu kwenye biashara ya vipepeo ni umbali wa mteja. Mwaka 2020 majumba ya maonyesho ya Ulaya yalipofungwa kwa korona na ndege zikakaa chini, pupa hazikungoja. Huwezi kuweka pupa stoo mpaka mambo yatulie. Na sisi wenyewe tuna nini? Maduka makubwa ya Nairobi na Mombasa yamejaa michezo ya plastiki ya watoto, inayolipiwa kwa nusu saa zaidi ya kiingilio cha Gede. Shule inaweza kuwa na mlimau mmoja kwenye ndoo, umefunikwa kwa chandarua kuukuu. Sayansi ya darasani wanafunzi wangeiona kwa macho badala ya kunakili mchoro wa duara wenye mishale.

Maana kuna kitu ambacho mchoro hauna. Kabla hatujaondoka, kwenye kisanduku cha pupa zilizoning'inizwa, moja ilipasuka. Kwanza miguu, myembamba kama uzi mweusi, ikitafuta pa kushika. Kisha mwili mnene, na mbawa zilizokunjamana kama leso mbichi iliyokamuliwa. Akaning'inia. Tone la maji mekundu likadondoka, mtoto akadhani ni damu. Mbawa zikaanza kujaa polepole. Na yule kipepeo alikuwa anahangaika na mdomo wake: mrija wa kunyonyea hutoka ukiwa vipande viwili, na lazima auunganishe mwenyewe, akiukunja na kuukunjua, kabla haujakauka. Asipofaulu, hatakula maisha yake yote. Tulisimama watatu, hatukusema kitu, hata mama.

Wiki iliyofuata alinipigia simu. Viwavi wanne mlimauni, amewaacha wawili. Wale wengine, anasema, walikuwa kwenye tawi lenye matunda.