Kinu cha Ghorofa ya Tano

Ninakaa ghorofa ya nne katika majumba ya Michenzani, hapa mjini Unguja, yale marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, na juu ya kichwa changu, sawasawa na mto ninaolalia, anakaa Bi Mkubwa mmoja anayeuza kisamvu. Sina ugomvi na kisamvu chenyewe. Kikipata tui zito na wali wa moto huwa sisemi na mtu. Ugomvi wangu ni saa kinapotwangwa. Bi Mkubwa akishatoa salamu ya sala ya alfajiri, hata msala haujakunjwa, mchi umeshaingia kinuni, na kila pigo linapita darini, linashuka ukutani, linapanda miguu ya kitanda na kuishia katika meno yangu machache yaliyobaki.

Mke wangu amejaaliwa usingizi wa kuonewa wivu. Nilipomlalamikia alinambia nizibe masikio kwa pamba, nami nikaziba mpaka nikafanana na maiti anayesubiri kuzikwa. Ajabu ni kwamba kinu kilizidi. Honi za daladala za barabarani zilipungua kweli, lakini mchi ukawa kama unatwanga ndani ya fuvu langu.

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu, na tangu walipoanza somo la sauti, nyumba yetu imepata mwalimu asiyelipwa na asiyekwenda likizo. "Babu," alinambia, "hiyo huisikii kwa hewa, unaisikia kwa mifupa. Kitanda kinatetemesha fuvu, na ukiziba masikio mtetemo unakosa pa kutokea." Nikamuuliza kama katika kitabu chao kuna dawa. Akajibu kwamba dawa haimo katika mtihani.

Alinieleza kwamba sauti ni msukumo unaopokezanwa, kama pale bandarini Malindi watu wanapopanga foleni ya kupanda boti ya Dar: mmoja wa nyuma akisukuma, msukumo unafika mpaka kwa mkaguzi wa tiketi ingawa kila mtu amebaki na begi lake palepale. Hewani, kwa joto letu la Unguja, msukumo huo unakwenda karibu mita 350 kwa sekunde. Ndani ya maji ya bahari unakwenda mita 1,500 na ushei. Katika zege unapita mita 3,000, na katika chuma hata 5,000 unazivuka. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya uzito wa zege, kijana akanikosoa: uzito peke yake ungeichelewesha sauti, kinachoiharakisha ni ukakamavu, kwa kuwa kitu kigumu ukikisukuma hakikubali kubonyea, kinamrushia jirani yake mara moja. Kwa hiyo Wajerumani walipotumwagia zege na nondo walinijengea barabara ya lami kutoka kinuni mpaka sikioni.

La kuniudhi zaidi ni kwamba kijana wa ghorofa ya tatu, mwenye spika refu kama kabati, hanisumbui hata nusu ya Bi Mkubwa. Nilidai kwamba fizikia ina upendeleo. Kumbe sauti ya spika inasafiri kwanza hewani, na ikifika kwenye zege sehemu kubwa inagonga na kurudi ilikotoka, kwa sababu hewa ni laini mno kuweza kuutikisa ukuta. Mdundo wake mzito tu ndio unaofanikiwa kupenya. Mchi hauna haja ya kubisha hodi. Unapiga kinu, kinu kimekaa juu ya sakafu, sakafu yake ndiyo dari yangu.

Nisije nikaonekana mtu wa kulaumu tu, nakiri kwamba uvivu wa sauti hewani umenipa faida moja. Kutoka kwangu mpaka Uwanja wa Amaan ni kama kilomita moja na nusu. Siku ya mechi kubwa ninafungua redio yangu ya zamani, na mtangazaji akipiga kelele za goli ninahesabu taratibu: moja, mbili, tatu, nne, ndipo kishindo cha mashabiki kinapoingia dirishani. Mawimbi ya redio hayana uhusiano na hewa, yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo mtu aliyeko Wete kule Pemba na redio yake analisikia goli kabla ya mtu anayeuza karanga nje ya geti la uwanja. Kijana wa ghorofa ya tatu anatazama kwa televisheni ya dishi, ambayo picha yake inapandishwa angani na kuteremshwa, na yeye hushangilia wa mwisho kabisa. Nimeshamla soda tatu kwa kuwekeana naye dau kabla goli halijamfikia.

Lakini uvivu huo si udhaifu. Tarehe 27 Agosti 1883 mlima wa Krakatau ulilipuka kule Indonesia, na watu wa kisiwa cha Rodrigues, humu humu katika Bahari ya Hindi yetu, umbali wa kama kilomita 4,800, wakausikia mlipuko saa nne hivi baadaye wakidhani ni mizinga ya meli. Miaka 13 kamili baadaye, tarehe 27 Agosti 1896, mizinga ya meli ya kweli ikalipiga kasri la Sultani hapa Mji Mkongwe kwa dakika kama 38 hivi. Wanaiita vita fupi kuliko zote duniani. Bi Mkubwa hutwanga saa nzima na hakuna mwanahistoria aliyekuja.

Mwezi uliopita nilikimbia. Nilikwenda Kizimkazi kwa ndugu yangu mvuvi nikiwa na imani kwamba chini ya bahari ni kimya, kwani samaki sijapata kuwasikia wakitwanga. Ndugu yangu akaniazima miwani ya kuzamia, nikajitosa. Cha kwanza kusikia ni mlio wa mafuta yanayokaanga, chachacha, kutoka kila pembe ya mwamba; nilidhani nina maji masikioni, kumbe ni kamba wadogo wanaofyatua magando yao. Cha pili ni boti za watalii wanaowafukuza pomboo. Juu ya maji ningejua zinatoka upande gani, kwa sababu sauti hulifikia sikio moja kabla ya lingine, na bongo hupima tofauti hiyo ndogo. Majini sauti inakwenda mara nne na zaidi, tofauti inakuwa si kitu, na injini inasikika kama imewekwa katikati ya kichwa. Nilizunguka kama pweza aliyepotewa na pango. Ndugu yangu alikuwa ngalawani akinipigia ukelele nisogee, anaapa mishipa ya shingo ilimtoka, nami sikusikia hata neno: sauti ya hewani ikigonga uso wa maji hupenya sehemu moja tu katika elfu, nyingine zote zikamrudia mwenyewe. Akaja kunitoa kwa kasia.

Nikarudi mjini na kumtangazia mjukuu kwamba babu yake anahamia angani. Huko, alikiri, hakuna hewa ya kusukumana, kwa hiyo mtu akipiga kinu hakuna atakayejua. Hata Jua lenyewe linavurumisha makelele, ila tumekingwa na utupu; kama hewa yetu ingejaa kutoka hapa mpaka huko, kilomita milioni 150, kishindo cha leo kingetufikia baada ya miaka kama 14. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, akauliza kama mwezini nikienda naye itakuwaje. Kijana akajibu kwa furaha kwamba Bibi hatakuwa na shida, ataegemeza kofia yake ngumu kwenye kofia ya Babu na maneno yatapita moja kwa moja katika ugumu wa kofia. Nikaona nitapoteza nauli bure.

Hata hivyo ni mazungumzo hayo yaliyoniokoa, au ndivyo nilivyodhani. Kijana alinisimulia kwamba mwaka 1660 Robert Boyle alichapisha habari za saa aliyoiweka ndani ya chupa kubwa ya kioo, akanyonya hewa kwa pampu mpaka mlio wake ukapotea. Yeye alikuwa anafurahia pampu. Mimi nilishika jambo dogo: saa ile ilitundikwa kwa uzi. Isingetundikwa, ikalazwa juu ya kioo, mlio ungepitia kwenye kioo na Boyle angeumbuka. Basi tatizo langu halikuwa Bi Mkubwa, ni kukosa uzi. Nilikata kipande kinene cha tairi la gari, nikapanda ngazi, nikampa kwa heshima zote akiweke chini ya kinu chake, kwa kuwa mpira hubonyea na kuumeza mtetemo kabla haujafika kwenye zege. Aliniombea dua ndefu.

Asubuhi iliyofuata kinu kilikuwa kama mtu anayepiga mto wa pamba nyumba ya tatu. Nikajinyoosha, nikafumba macho. Ndipo nikalisikia bomba la chooni likidondosha tone, nikangoja la pili. Saa ya ukutani, ambayo tunayo tangu tulipooana, kumbe ina mguu mmoja mfupi, inakwenda ti-taa, ti-taa. Friji lilikuwa linanguruma, likakohoa, likanyamaza, nikawa nalisubiri lingurume tena. Mke wangu alikoroma kwa sauti tatu tofauti ambazo sikupata kuzijua kwa miaka 31. Mchi ulikuwa umezifunika zote.

Nilivumilia siku tisa. Jana baada ya sala ya laasiri nilipanda tena ghorofa ya tano nikamwomba Bi Mkubwa anirejeshee kile kipande cha tairi, nikamwambia ninakihitaji kwa baiskeli yangu. Alikitazama kile kipande, unene wa vidole vitatu, akanitazama na mimi, kisha akauliza baiskeli hiyo ni ya kubeba nini.