Mkonge ndani ya mlango wa gari

Bandua kava ya ndani ya mlango wa gari la Kijerumani la mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha uigeuze. Mbele ni laini. Nyuma, mara nyingi, utakuta bapa la kahawia lenye nywelenywele kama mkeka ulioshindiliwa: kitani, juti, au mkonge uleule wa kamba za Tanga.

Wanaoushabikia wana hoja nzito. Singa (uzi) ya mkonge ina takriban gramu 1.45 kwa sentimita moja ya ujazo, faiba ya kioo 2.5, kwa hiyo mlango unapungua uzito. Haimwashi fundi ngozi (aliyewahi kupiga msasa bampa ya faiba anajua ninachosema). Kikichomwa chakavu, singa huteketea. Kioo huyeyuka na kuganda tanuruni.

Ninaposita ni hapa: singa haisimami peke yake. Kinachoishika mara nyingi ni polipropilini, zao la petroli, na vikishashikamana havitenganishiki kirahisi. Unabaki na kitu kisichooza na ambacho ni kazi kukiyeyusha upya. Ndiyo plastiki ileile iliyochangia kuiua kamba ya mkonge sokoni, baada ya Tanzania kuzalisha tani zipatazo 230,000 mwaka 1964. Leo aliyeua ndiye anayemkumbatia marehemu.

Tena singa huanza kuharibika joto likipita nyuzijoto 200, hivyo plastiki ngumu kama nailoni, inayoyeyuka juu ya hapo, haifai kuishika. Hunywa unyevu na kuvimba. Isipotayarishwa vizuri, hunuka gari likianikwa juani, na hakuna anayenunua gari jipya ili linuke gunia.

Ila kwangu mimi, usafi wa mlango huo unaamuliwa kwenye korona, mashine inayochakata majani ya mkonge kupata singa, si Ujerumani. Katika kila kilo 100 za majani zinazoingia mashineni, singa hazifiki hata kilo 5. Makapi na maji yake ya kijani yakimwagwa mtoni, mlango ni mchafu hata ukiwa mwepesi. Hale, mkoani Tanga, makapi hayo yaliwahi kugeuzwa gesi ya kuzalishia umeme. Hesabu hiyo ya makapi ndiyo ningependa mnunuzi wa singa aidai kabla ya kusifia paneli.

Yeye, hata hivyo, hudai kingine kwanza: robota la Machi lifanane na la Novemba, kwa urefu wa singa na ukavu. Daraja la UG, la singa zisizofikia madaraja ya juu, huchanganya urefu. Na akichoka kusubiri, kitani kinalimwa Ufaransa, jirani na kiwanda chake.